Dili la ajira linafia wapi? Maongezi ya mshahara, pingamizi na kufunga ofa kwa rikruta wa hapa Bongo

Kuna kitu kimoja kinawachanganya sana watu wanaoingia kwenye uwakala wa ajira (urikruta, yaani kumtafutia mwajiri mfanyakazi kwa ada) wakitokea kuuza bima au vifurushi vya simu, nacho ni kwamba huku unachokiuza nacho kina maamuzi yake. Dalali wa nyumba Sinza akishampata mpangaji na mwenye nyumba akakubali bei, kazi imeisha, nyumba haiamki asubuhi ikasema imekaa na familia imeona isipangishwe. Kwetu inaamka. Unakubaliana ada na mteja, yaani mwajiri, unatafuta mtu wiki tatu, anafanya usaili mara mbili, mkurugenzi anampenda, barua ya ofa inatoka, halafu Ijumaa jioni inaingia meseji "kaka samahani sana, nimeona nitulie hapa kwanza", na kwa kuwa ajensi nyingi za hapa zinalipwa pale mtu anaporipoti kazini tu, hiyo meseji moja imefuta mwezi mzima wa kazi.

Watu wakikutana na hilo wanakimbilia kutafuta maneno ya kufungia dili, yaani akisema hivi mjibu vile. Mi naona hapo ndo wanapotea njia. Dili linalokufa mwishoni karibu siku zote lilikuwa na swali ambalo halikuulizwa kwenye simu ya kwanza, na maneno matamu ya dakika ya mwisho hayawezi kuziba hilo pengo. Kwa hiyo hapa nitaongea zaidi kuhusu maswali na hesabu kuliko maneno.

Kwanza tuelewe meza yenyewe ilivyo. Unafanya mauzo mawili kwa mpigo: unamuuzia mwajiri mtu, na unamuuzia mtu mwajiri. Kila mmoja ana njia mbadala ikishindikana. Mwajiri anaweza kutangaza mwenyewe, anaweza kumpandisha mtu wa ndani, anaweza kuiacha nafasi wazi miezi mitatu huku kazi wanagawana waliopo. Mtu wako yeye mbadala wake mara nyingi ni mmoja tu, kubaki alipo, na huo mbadala ni mtamu kuliko unavyodhani kwa sababu anaujua, hauna hatari, bosi anamjua, anajua hata siku ambazo mshahara unachelewa. Nguvu ya mtu kwenye maongezi haitoki kwenye sauti yake, inatoka kwenye uzuri wa huo mbadala. Rikruta ambaye hajui mbadala wa pande zote mbili ukoje anapiga ramli, na ndo maana wengine wanajikuta wanamkomalia mteja ambaye keshampata mtu wake wa ndani, au wanamlegezea mteja ambaye mhasibu wake mkuu ameondoka na wakaguzi wanaingia mwezi ujao.

Tuchukue mfano mmoja tuubebe mpaka mwisho. Kiwanda kiko Mkuranga kinatafuta mhasibu mwandamizi, bajeti ni mshahara wa 2,400,000 kwa mwezi. Umempata dada mmoja, ana sifa zote, anafanya kazi Mikocheni kwa 2,000,000, anaishi Tegeta. Kwenye karatasi ni nyongeza ya laki nne, asilimia 20, nani ataikataa? Yeye anaikataa, na ana haki.

Hesabu ya mkononi

Hapa ndo rikruta wengi wanaanguka, kwa sababu wanaongea lugha ya mshahara ghafi, yaani kabla ya makato, na mtu anaishi kwa lugha ya hela inayoingia benki. Kwenye 2,000,000 anakatwa NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) asilimia 10, yaani 200,000, inabaki 1,800,000 ya kukatwa kodi. Kwa viwango vya PAYE (kodi ya mshahara), milioni ya kwanza inakupa kodi ya 128,000 na kinachozidi hapo kinakatwa asilimia 30, kwa hiyo 800,000 inatoa 240,000, jumla kodi ni 368,000. Anabaki na 1,432,000. Lakini kama alisoma kwa mkopo wa bodi bado hajamaliza, HESLB (bodi ya mikopo ya elimu ya juu) wanachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, hiyo ni 300,000 nyingine, mkononi inafika 1,132,000.

Sasa fanya hivyohivyo kwa 2,400,000: NSSF 240,000, kodi 476,000, bodi 360,000, mkononi 1,324,000. Tofauti ni 192,000. Ile laki nne uliyoitangaza kwa furaha kwenye simu imefika chini ya nusu. Asingekuwa na mkopo wa bodi angepata 252,000. Ukitaka njia ya mkato, kwa mtu ambaye keshavuka milioni moja ya kukatwa kodi, kila shilingi 100 inayoongezwa kwenye mshahara wa msingi anapokea 63, na kama ana deni la bodi anapokea 48. Zishike hizo namba mbili kichwani maana zitakuokoa mara nyingi.

Kwa haki tuseme pia kwamba hizo hela hazijapotea zote, NSSF ni akiba yake na deni la bodi linaisha mapema zaidi, na ni vizuri kumwambia hivyo. Ila ukimwambia hivyo kabla hujaonyesha kwamba unajua kinachoingia mkononi anaona unamletea siasa.

Upande wa pili wa hiyo hiyo shilingi ni mwajiri. Kila 100 anayoongeza yeye inamgharimu 110 na nusu kwa sababu anaweka NSSF asilimia 10 ya kwake na WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi) nusu asilimia, na kama ana wafanyakazi 10 au zaidi inakuja SDL (tozo ya kuendeleza ujuzi) juu yake. Kwa hiyo mwajiri anatoa zaidi ya 110 na mtu anapokea 48. Ukilielewa hilo pengo umeelewa maongezi ya mshahara yanatakiwa kufanyika wapi, maana kuna vitu mwajiri anaweza kutoa ambavyo havipiti kwenye huo mkato wote. Bima ya afya ni mfano mzuri kuliko yote: sheria ya kodi ya mapato haiihesabu bima ya matibabu ya mfanyakazi, mwenza wake na hadi watoto wanne kama sehemu ya mshahara wa kukatwa kodi, alimradi mwajiri anaitoa kwa wafanyakazi wake bila ubaguzi. Mama mwenye watoto watatu ambaye sasa hivi bima yake inamgusa yeye peke yake, ukimpatia bima ya familia umempa kitu ambacho laki moja ya mshahara isingekinunua. Basi la wafanyakazi hivyohivyo. Chakula cha mchana kazini hivyohivyo.

Mshahara mdogo, au Mkuranga mbali?

Turudi kwa dada wa Tegeta. Anakwambia "hiyo ofa iko chini kidogo". Rikruta mwenye haraka anamrudia mteja palepale kuomba 2,600,000, mteja ananuna, anaongeza kwa shingo upande, dada bado anasita, na sasa mteja anaona mnamchezea. Kumbe suala halikuwa mshahara. Kutoka Tegeta mpaka Mkuranga unavuka jiji zima kaskazini kwenda kusini, unapita Mbagala, Kongowe, Vikindu, na ana mtoto wa chekechea ambaye lazima achukuliwe saa kumi na moja jioni. Mshahara ndo neno la heshima analolitumia kwa sababu kumwambia mtu usiyemjua habari za mtoto wako sio rahisi.

Pingamizi la kwanza analokupa mtu ni lile lisilomvunjia mtu heshima. Ndo maana usilijibu haraka. Likubali kwanza, alafu uliza swali linaloliondoa mezani kwa muda: "Dada, tuseme mshahara umekaa sawa kabisa kama unavyotaka, kuna kingine ungependa kikae sawa kabla hujasaini?" Alafu nyamaza. Nyamaza kweli, usijaze ukimya kwa maelezo. Kama ni mshahara tu atakwambia hapana ni hilo tu, na hapo sasa una sababu ya kwenda kwa mteja. Kama kuna kingine kitatoka, na mara nyingi hicho kingine kinatibika kwa bei ndogo kuliko mshahara: basi la kiwanda linaanzia Mbagala Rangi Tatu, linaweza kuanzia mbele zaidi? Anaweza kuingia saa moja asubuhi akatoka saa tisa? Siku mbili za mwisho wa mwezi tu ndo akae mpaka jioni wakati wa kufunga hesabu? Maswali ya hivi mteja anayapokea vizuri kuliko "ongeza laki mbili".

Na hapa lazima niseme jambo la kwetu kabisa. Watu wetu hawasemi hapana. Utasikia "sawa tu", "haina shida", "nitakucheki", "tutaona Mungu akipenda", "ngoja nijadiliane na watu wangu". Rikruta aliyesoma mafunzo ya mauzo ya kizungu anahesabu hizo kama ndio nusu, anaandika kwenye mfumo kwamba kandideti ameonyesha nia. Mimi nazihesabu kama hapana mpaka nipate ushahidi, kwa maana mtu anayekuja kweli anauliza vitu vya kuja: anauliza nitaripoti kwa nani, likizo yangu ya Desemba itakuwaje, laptop wanatoa au nije na yangu. Mtu asiyeuliza chochote na kila ulichosema anajibu "sawa kaka" huyo hajafika. Kwa hiyo badala ya kumuuliza anakuja au haji, ambalo ni swali linalomlazimisha kukuvunja moyo, muulize mambo ya safari yenyewe: umeshaongea na shemeji? barua ya kuacha kazi unaipeleka siku gani? bosi wako yupo wiki hiyo au kasafiri? Majibu ya hayo maswali hayadanganyi.

Swali la shemeji sio la utani. Kwenye kuhama kazi, uamuzi unafanyika nyumbani, na wewe hukualikwa kwenye hicho kikao. Kinachoweza kukusaidia ni kumpa mtu wako hesabu iliyoandikwa vizuri aende nayo, mkononi sasa ni hii, mkononi kule ni hii, nauli sasa hii, nauli kule hii, bima inagusa nani, ili mwenza wake akiuliza "sasa faida iko wapi?" kuna jibu kwenye karatasi.

Hofu zenye ukweli ndani yake

Kuna pingamizi ambazo ukizipuuza unakosea kisheria na kiutu. Ya kwanza ni probesheni, kile kipindi cha majaribio. Mtu ana miaka sita mahali, anajua hawezi kuondolewa hivihivi. Akihama, anaanza upya, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimpi kinga ya kuachishwa kazi isivyo haki mfanyakazi ambaye hajafikisha miezi 6 kwa mwajiri huyo. Hofu yake ni ya kweli kabisa, kwa hiyo usimwambie "usiwe na wasiwasi". Mwambie ukweli alafu ukamsaidie: omba probesheni fupi zaidi, omba kwenye barua iandikwe atapimwa kwa vigezo gani na lini, muulize mteja nafasi hii iliachwa na nani na kwa nini. Kama watu watatu wamepita kwenye hicho kiti ndani ya miaka miwili una wajibu wa kumwambia.

Ya pili ni "nitapoteza mafao yangu". Hapa inabidi mkae mtenganishe, maana imechanganyikana. Michango ya NSSF haipotei, namba yake ya uanachama anahama nayo. Siku za likizo alizolimbikiza analipwa. Kiinua mgongo cha kisheria, yaani mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia mpaka ukomo wa miaka 10, hicho ni cha anayeachishwa na mwajiri, anayeacha mwenyewe hakimhusu, kwa hiyo hawezi kupoteza kitu ambacho asingekipata kwa kujiuzulu hata baadaye. Lakini bonasi ya Desemba na gratuiti ya mwisho wa mkataba, hasa kwa watu wa miradi, hizo zinaweza kupotea kweli na ni hela nyingi. Kama bonasi ni ya Desemba na sasa ni Oktoba, uliza mteja anaweza kusubiri mpaka Januari au kumpa hela ya kuanzia kazi inayofidia. Wateja wengi hawajawahi kuulizwa hilo.

Ya tatu haizungumzwi kabisa: mkopo wa benki. Wafanyakazi wengi wana mkopo uliofungwa kwenye mshahara, makato yanapitia kwa mwajiri wa sasa au kwenye akaunti mshahara unapoingia. Akihama anaogopa benki itamdai yote, au mwajiri mpya hana makubaliano na benki hiyo, au makato ya mwezi wa kuhama yatayumba. Nimeona watu wakikataa ofa nzuri na kusingizia umbali, wakati tatizo ni hilo na aibu ndo ilikuwa inawazuia kusema. Uliza mapema kwa lugha ya kawaida, "makato yako mengine yakoje, kuna mkopo wa mshahara?", na uliza kila mtu, ili asione umemlenga yeye. Alafu HR (ofisa rasilimali watu) wa upande wa mteja aulizwe kama wanapitisha mishahara kwenye benki hiyo, na mtu wako aende tawini kabla hajaandika barua ya kuacha.

Upande wa mteja

Mteja akisema "ada yenu kubwa" swali la kwanza ni kubwa kulinganisha na nini, na usiulize kwa ukali. Kuna majibu matatu na kila moja lina dawa yake. Kama ni kubwa kuliko ajensi nyingine, mjadala ni wa ubora na dhamana. Kama ni kubwa kuliko kutangaza wenyewe, mjadala ni wa gharama ya nafasi kukaa wazi na muda wa HR kupekua CV mia tano. Kama ni kubwa kuliko bajeti iliyobaki, mjadala ni wa lini watalipa, sio kiasi gani.

Na ujue unachokitoa ukipunguza. Kwa mfano wetu, mshahara wa mwaka ni 28,800,000. Ada ya asilimia 12 ni 3,456,000, ya asilimia 10 ni 2,880,000. Mteja anaona amekuomba mbili tu, "si asilimia mbili tu jamani", ila wewe umetoa 576,000, moja ya sita ya pato lako, na mteja akishakata kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye invoisi kinachoingia kinapungua tena. Kanuni yangu hapa ni ngumu na siiachi: hakuna kupunguza bure. Ukitaka asilimia 10 tupe kazi peke yetu kwa wiki nne, au lipa ndani ya siku 14, au tufupishe kipindi cha dhamana ya kuleta mtu mwingine endapo huyu ataondoka. Ukipunguza bure mteja hafurahii punguzo, anajiuliza ile bei ya kwanza ilitoka wapi.

"Tutumie tu CV kwanza tuone" hiyo inasikika kama mlango umefunguliwa na rikruta mpya anafurahi, anatuma CV tano usiku huohuo. Usitume. Kwanza hujakubaliana masharti kwa maandishi, na wiki mbili mbele utaambiwa mmoja wao walikuwa naye tayari kwenye faili. Pili, CV ni taarifa za mtu, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kufanya kazi Mei 2023 kuzisambaza bila ridhaa ya mwenyewe ni kujitafutia kesi. Jibu zuri ni kutoa muhtasari usio na jina wala kampuni, sifa, uzoefu, mshahara anaotaka, lini anaweza kuanza, na kusema kwamba majina yanatoka makubaliano yakishasainiwa. Mteja makini anaheshimu hilo, na anaona kwamba hata watu wake yeye hutawatembeza hivyo.

Pingamizi la hatari kuliko yote kwa upande wa mteja linakuja mwishoni na linakuja kwa tabasamu. Usaili umeisha, wamempenda, bajeti ilikuwa 2,400,000, alafu HR anakupigia: "sasa huyu dada si anapata mbili huko aliko? Mpe 2,150,000, atakuja tu." Hapa namba zako mbili zinarudi. Nyongeza ya 150,000 kwa mtu mwenye deni la bodi ni 72,000 mkononi. Mwambie HR hivyo taratibu: "Dada, tunamwomba mtu avuke jiji kila siku, aache sehemu ya miaka sita, aingie probesheni, kwa elfu 72 kwa mwezi, na nauli bado haijatoka." Mara nyingi HR hajawahi kupiga hiyo hesabu, anaongea lugha ya ghafi kama wewe ulivyokuwa unaongea zamani. Akiiona anakwenda mwenyewe kwa mkurugenzi kukutetea. Na kama mkurugenzi bado anakaza, bora ofa isitolewe kuliko kutolewa hiyo ya chini, maana mtu akishapewa ofa inayomdhalilisha hata ukiirekebisha kesho ile picha ya kwanza haifutiki.

Swali lingine la mapema ambalo linazuia huo mchezo: "Nani anasaini barua ya ofa, na yeye ameiona bajeti hii?" Maongezi mazuri na mtu asiye na mamlaka ya kusaini ni mazoezi tu.

Kaunta ofa

Ukifanya yote hayo bado kuna ukuta mmoja, siku mtu anapopeleka barua ya kuacha kazi. Sheria inataka notisi isiyopungua siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, mikataba ya watu wa ngazi za juu inaweza kudai hata miezi mitatu, na ndani ya huo muda bosi wake ana nafasi ya kumuita ofisini, kumwambia "ulikuwa hujasema tu, tungekuangalia", na kumpandisha mpaka hiyohiyo 2,400,000. Hiyo ndo kaunta ofa. Kubaki kunashinda kirahisi kwa sababu hakuna kuhama, hakuna Mkuranga, hakuna probesheni.

Hili halishughulikiwi siku hiyo. Linashughulikiwa simu ya kwanza au ya pili kwa swali la wazi: "Bosi wako akikupa mshahara huohuo tunaouzungumza, utabaki?" Akijibu haraka kwamba atabaki, basi huyu mtu anatafuta nyongeza na sio kazi, na ushauri wangu hapo unawashangaza wengi: mwambie aende akaombe nyongeza kwanza, sasa hivi, kabla hujampeleka popote. Akipata, ameshapata bila kupoteza muda wa mtu na atakukumbuka. Akikosa, anarudi kwako akiwa na uhakika. Kinachouma ni kumtumia mteja mtu wa aina hiyo ukijua, kwa kutegemea bahati.

Akisema hatabaki, muulize kwa nini, na umwombe akuandikie hata kwa meseji ya WhatsApp sababu zinazomtoa pale. Hakuna nafasi ya kupanda, bosi anamfokea mbele za watu, mshahara unachelewa, chochote. Siku kaunta ofa inapokuja humkomalii, unamrudishia maneno yake mwenyewe na kumuuliza ni lipi kati ya hayo limebadilika. Kama limebadilika kweli, mwache abaki. Nasema hivyo kwa dhati. Kumlazimisha mtu kuhama kwa kumtisha kwamba "bosi hatakuamini tena" kunaleta mtu anayeondoka mwezi wa pili, na dhamana yako inakurudisha kutafuta mwingine bure.

Hapo hapo niseme la kutomtoza mwombaji kazi hela. Mkataba namba 181 wa ILO (Shirika la Kazi Duniani) wa mwaka 1997 unakataa mawakala binafsi kumtoza mfanyakazi ada moja kwa moja au kwa kuzunguka, na kanuni zetu za mwaka 2014 za mawakala binafsi wa ajira zinakataa vilevile. Bado wapo wanaochukua "hela ya fomu". Mbali na kuvunja sheria, ukishachukua hela ya mtu huwezi tena kumwambia "kazi hii haikufai", na rikruta asiyeweza kusema hivyo hana anachojadili.

Kufunga kwenyewe

Baada ya yote hayo kufunga ni kitu kifupi. Kila baada ya hatua unapima: usaili wa kwanza ukiisha, siku hiyohiyo, "kwa ulichokiona leo, ofa ya 2,400,000 na bima ya familia ikija kesho, unasaini?" Akisita unajua pa kuchimba wakati bado kuna muda. Usimpeleke usaili wa pili akiwa na kigugumizi ambacho hujakielewa. Ofa inapokuwa tayari, mpigie simu kwanza umsomee, upate neno lake, ndo barua itoke, na barua iwe na tarehe ya kujibu ambayo wote mmekubaliana, siku tatu nne hivi, zinazopita wikiendi moja ili kikao cha nyumbani kifanyike. Usitengeneze haraka ya uongo, usiseme kuna mtu mwingine anasubiri kama hayupo. Dar ni ndogo, na wahasibu wanajuana.

Asiandike barua ya kuacha kazi kabla hajashika ofa iliyosainiwa, hata mteja akiwa na haraka kiasi gani, hata kama mkurugenzi ameshampa neno. Hilo usilegeze, kwa sababu ofa ya mdomo ikiyeyuka, wewe umekosa ada na yeye amekosa mshahara.

Alafu kwenye siku 28 za notisi usipotee. Piga siku anayopeleka barua, jioni, umuulize bosi amepokeaje. Piga wiki inayofuata. Mwombe mteja ampigie pia, meneja wake mtarajiwa ampe nusu saa, amtumie ratiba ya wiki ya kwanza, amuonyeshe basi linapita wapi. Watu wanaghairi kwenye ukimya wa hizo wiki nne zaidi ya wanavyoghairi kwenye meza ya mshahara. Na mwezi wa kwanza ukiisha mwombe akusomee salari slipu yake: kama uliandika 1,324,000 na imeingia 1,250,000, kuna kitu HR amekiweka vibaya au wewe ulikihesabu vibaya, na ni bora ujue siku hiyo, kabla yeye hajaanza kujibu simu za rikruta mwingine.